Wakongwe wa roki jukwaani: bado wanastahili nauli na tiketi?

Shangani_86 anauliza:

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili. Mzee wangu ni mpenzi wa roki ya miaka ya 60 na 70, kaseti zake anazo mpaka leo. Ndugu tumejichangisha, tumepata fedha ya kumpeleka Ulaya mara moja tu, na anachotaka kuona si mnara wala makumbusho. Anataka mmoja wa wakongwe wale aimbe mbele yake. Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe, alizaliwa hapa 1946 na akafariki 1991, huyo hatumpati tena. Waliobaki ni watu wazima khasa: Paul McCartney ni wa 1942, Mick Jagger na Keith Richards wa 1943, Rod Stewart wa 1945, Brian May wa Queen, bendi ya huyo Freddie, wa 1947.

Ninachoogopa ni kutumia fedha zote hizo, kisha mzee akutane na sauti iliyokwisha, au mtu anafungua mdomo huku mkanda ndio unaoimba. Nitajuaje kabla ya kulipa? Na tukishaamua, tukae wapi, tuchague siku gani? Tafadhalini, "nenda tu ukafurahi" isiwe jibu. Nataka vitu vya kupima.

FundiSauti_Mkwerekwe:

Waalaykum salaam. Swali lako lina jibu, kwa sababu sauti ya mtu mzima haipotei ovyo. Inabadilika kwa njia zinazojulikana, na mwanamuziki ama anaigeuza kazi yake iendane nayo, ama anapigana nayo. Huyo wa kwanza mfuate hata akiwa na miaka 85. Wa pili muache hata akiwa na 62.

Kinachotokea kooni ni hivi. Nyuzi za sauti ni misuli iliyovikwa ngozi laini yenye unyevu. Umri ukienda, misuli inapungua unene, ngozi inakauka, nyuzi zinapinda kidogo katikati, basi zikikutana hazifungi sawasawa na pumzi inavuja. Ndiyo maana sauti ya mzee ina hewa hewa, na mstari aliokuwa akiumaliza kwa pumzi moja sasa anaukata mara mbili. Kifua nacho hakijai kama zamani. Noti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, maana huko juu nyuzi zinatakiwa zivutwe na zifunge barabara kwa wakati mmoja. Sauti ya kuzungumza ya mwanamme hupanda kidogo uzeeni, ya mwanamke hushuka, lakini wote wawili uwanja wa kuimbia unawapungukia.

Sasa roki hiyo ilitungwa na vijana wa miaka 25. Nyimbo nyingi za miaka ya 70 zinamtaka mwanamme aimbe kwa kifua na kwa nguvu kwenye noti za A na B zilizo juu ya C ya kati, saa mbili nzima, na nyuma yake ngoma na magitaa yanafika desibeli 100. Koo la miaka 75 haliwezi kazi hiyo siku tatu mfululizo. Kwa hiyo cha mwanzo cha kupima ni kii, yaani ile noti ya msingi ambayo wimbo wote umejengwa juu yake.

Chukua rikodi ya zamani ya wimbo unaoujua, na video ya onesho la karibuni kabisa la wimbo huohuo. Kaa na kinanda au gitaa, au weka programu ya kutyunia kwenye simu. Tafuta ile noti wimbo unakotulia mwisho wa kiitikio, ambapo besi inapumzika. Ilinganishe baina ya rikodi mbili. Ukikuta imeshuka nusu toni (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda, ukihesabu na vyeusi) au toni moja (vitufe viwili), furahi: bendi imekubali hali halisi. Wapiga gitaa hulegeza nyuzi zote kwa kiasi kilekile, vidole vinabaki palepale, na wengi wanatoa nyuzi za unene wa 9 wanaweka 10 au 11 ili zisicheze ovyo zikishalegezwa. Msikilizaji wa kawaida hafahamu kitu. Ikishuka toni mbili na zaidi, besi inaanza kuvuma bila kueleweka na wimbo unapoteza ukali wake. Na ikiwa kii ni ileile ya 1975, basi jiulize nani anaziimba zile noti za juu. Mara nyingine ni waitikiaji, na hilo si aibu hata kidogo. Mara nyingine ni mkanda.

Mkanda unagundulika. Msikilize anavyozungumza baina ya nyimbo: akisema sauti ni kavu ya mzee, akiimba inatoka nyororo ya kijana, hapo pana jambo. Angalia mkono wenye maiki. Akiisogeza shubiri moja mbali na mdomo, sauti lazima ipungue na iwe nyembamba. Isipobadilika, haitoki pale. Kisha tafuta video za siku mbili tofauti, usikilize ubeti mmoja tu, mara tano tano. Mtu havuti pumzi mahala palepale siku mbili. Kuchelewa kidogo kuingia, herufi iliyomezwa, kicheko katikati ya mstari, hizo ndizo alama za mtu anayeimba.

Wengi wanaponzwa na hili: usimhukumu kwa midomo ya kwenye skrini ya uwanja. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 100 kutoka jukwaani, sauti ya spika za mbele inakufikia karibu sekunde 0.3 baada ya mdomo kufunguka. Viwanja vikubwa vina spika za kati ambazo sauti yake inacheleweshwa makusudi ili ioane na ile ya mbele, na picha ya skrini nayo ina kuchelewa kwake. Mdomo na sauti kupishana hapo hakuthibitishi chochote.

Video za simu nazo zitumie kwa mpaka. Maiki ya simu ikizidiwa na kelele inajibana, besi inapotea, na sauti ya mwimbaji inasikika ya kukwaruza kuliko ilivyo. Ni nzuri kwa kupima kii, mwendo na pumzi. Kwa kupima utamu wa sauti haifai.

MtuWaWete:

Mie naona tofauti. Ukishashusha kii, ukapunguza mwendo, ukaweka waitikiaji wanne wa kumbeba mwimbaji, kilichobaki ni jina. Fedha ya tiketi, ndege na viza za watu wawili inanunua spika za maana na rikodi zote za maonesho ya miaka ile bendi zilipokuwa na nguvu zake, mzee akasikiliza barazani kila siku Mungu anayoileta.

Na hatari haiko kwenye sauti peke yake. Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023. Onesho la tatu tu, mwimbaji wao Steven Tyler akaumia koo, na Agosti 2024 wakatangaza kuwa hawaendi tena ziara. Tiketi ya onesho likivunjwa hurudishwa. Nauli ya ndege kutoka Zanzibar nani atairudisha?

Kanuni26:

MtuWaWete, hoja ya gharama ni nzito na wajuzi wa safari wataijibu. Lakini hiyo ya "kilichobaki ni jina" siikubali, na sisi watu wa visiwa hivi hatukustahiki kuisema. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, hata mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa yakini. Tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki, aliipata 2005, ni bibi kizee tayari, na mpaka anafariki Aprili 2013 dunia ilikuwa bado inamtaka jukwaani. Watu hawakumfuata kwa wororo wa sauti. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, imeshuka hadi inakaribia ya mwanamme, na yeye akaimba kwa kuiegemea hiyo hiyo: anaivuta herufi mpaka inakatika, anaacha kimya, kisha anaitupa iliyobaki kama anayezungumza nawe uso kwa uso. Msichana wa miaka 20 hawezi, hata awe na noti zote.

Tena tazama kazi ya taarab asilia ilivyopangwa, ya Ikhwani Safaa walioanza 1905 au ya Culture Musical Club. Bashraf inapigwa bila mwimbaji. Wimbo unaanza kwa ala, fidla na kanuni na akodiani zinazungumza, mwimbaji kasimama kimya. Anaimba ubeti, waitikiaji wanapokea, ala zinajibu, watu wanainuka kwenda kutunza. Katika wimbo wa dakika kumi koo lake halifanyi kazi hata nusu ya muda, na noti zenyewe ziko jirani na sauti ya kuzungumzia. Ndiyo maana waimbaji wetu wanadumu.

Wakongwe wa roki wanaofaa kutazamwa wamefika palepale kwa njia yao. Katikati ya onesho la Rolling Stones, Keith Richards hushika maiki kwa nyimbo mbili au tatu, na Jagger anaingia ndani kupumzika. Phil Collins, katika maonesho ya mwisho ya Genesis Machi 2022, aliimba amekaa kitini, ngoma akazipiga mwanawe Nic. Ozzy Osbourne alikuwa na maradhi ya Parkinson. Tarehe 5 Julai 2025 aliimba amekaa kwenye kiti cha enzi, uwanja wa Villa Park, Birmingham, mji aliokulia, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Aliyekaa akaimba ni mkweli kuliko anayerukaruka juu ya mkanda, na ukweli huo unasikika.

Kwa hiyo ndugu Shangani, ongeza kipimo cha pili: orodha ya nyimbo. Tovuti ya setlist.fm inaweka orodha za maonesho, siku kwa siku. Usitazame nyimbo gani tu, tazama mpangilio. Orodha ya bendi inayomhurumia mwimbaji wake inaanza na nyimbo mbili za sauti ya kati za kupasha koo. Nzito inakuja moja, kisha nyepesi mbili. Katikati pana mapumziko, gitaa peke yake au mwimbaji mwengine. Na ule wimbo mgumu kuliko yote, ukiwekwa mwisho, basi hadhira ndiyo itakayouimba. Ukiona nyimbo ngumu nne zimefuatana mwishoni na kii haijashuka, mashaka yako ni halali. Tazama pia kama orodha inabadilika. Bendi inayobadilisha nyimbo mbili tatu kila usiku inapiga kwa mikono yake. Isiyobadilisha hata mmoja mwaka mzima pengine inafungwa na taa na video zilizopangwa kwenye kompyuta, siyo lazima iwe udanganyifu, lakini kagua zaidi.

Bi_Kiponda:

Jamani mmeshika koo tu. Vidole navyo vinazeeka! Queen wanaimba na Adam Lambert aliyezaliwa 1982, kwa hiyo koo ni changa na mikono ndiyo mikongwe: Brian May wa 1947, Roger Taylor wa 1949. Septemba 2024 May alieleza kwamba alipata kiharusi kidogo, mkono wa kushoto ukamwishia nguvu kwa muda. Kwa bendi kama hizo pima mwendo. Hesabu mapigo ya ngoma kwa sekunde 15, zidisha kwa nne, linganisha na rikodi ya zamani. Wimbo wa mapigo 132 ukipigwa kwa 124 usiku wote ni uamuzi, na mara nyingi unakuwa mzito na mzuri. Ukianza 132 ukaishia 120, mpiga ngoma anachoka.

Jingine, muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Bob Dylan wa 1941 haimbi wimbo kama ulivyo kwenye kaseti. Anabadilisha mwendo, anabadilisha hata tuni, unafika ubeti wa pili ndipo unautambua, na katika maonesho yake mengi ya miaka hii simu hufungwa kwenye kifuko mlangoni. Mzee anayetaka kuimba pamoja naye atarudi kanuna. McCartney ni kinyume chake: zaidi ya saa mbili na nusu, nyimbo thelathini na kitu, nyingi kwa umbo watu wanalolijua. Juni 2022 alipanda jukwaa la tamasha la Glastonbury, Uingereza, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80. Sauti yake ya juu imekuwa nyembamba, yeyote atasikia. Lakini besi na piano anazipiga mwenyewe, na kwa mzee mwenye kaseti mimi ningemchagua huyo kabla ya wote.

Malindi_Gati:

Upande wa safari. MtuWaWete kasema kweli kuhusu nauli, kwa hiyo fuata mpangilio huu na hasara itapungua.

Anza kuchagua nchi kabla ya msanii. Uingereza ina viza yake, nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zina yao, na moja haikuingizi kwengine. Schengen unaomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usivuke siku 15 kabla. Wakati wa joto kwao omba mapema sana maana miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kutibiwa kwa kiasi kisichopungua euro 30,000. Balozi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu na boti na malazi ya mzee, si ada peke yake. Tiketi ya onesho haimlazimishi ofisa kukupa viza. Inasaidia tu kueleza kwa nini unakwenda tarehe hiyo.

Tiketi: nunua kupitia kiungo kilichoko kwenye tovuti ya msanii mwenyewe. Jiandikishe mapema kwa mauzo ya awali. Kuna maonesho ambayo bei inapanda papo hapo kadiri watu wanavyogombania, unaona bei moja, unabonyeza, unakutana na nyengine. Weka kiwango chako kabla ya kuingia na usikivuke. Ukikosa, usikimbilie wauzaji wa mitandaoni. Subiri, karibu na siku yenyewe viti vinavyorudishwa huuzwa tena na muuzaji rasmi.

Tiketi nyingi sasa ziko ndani ya simu na msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini haifui dafu mlangoni. Akaunti ifunguliwe kwa namba itakayopokea ujumbe huko ugenini, na tiketi ishushwe kwenye simu mkiwa bado hotelini, kwa sababu watu elfu hamsini wakiwa mlangoni intaneti inakufa. Tiketi zote mbili zisiwe kwenye simu moja yenye chaji ya mashaka.

Ndege: usilipe kabla ya viza. Chagua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe hata ikizidi bei, na mji ambao msanii anaimba usiku mbili, ili moja ikiahirishwa kwa homa ya mafua msiwe mmekwama. Fikeni siku mbili kabla.

Kwa mzee, kata kiti cha kukaa na omba nafasi isiyo na ngazi siku ya kununua, sio siku ya onesho. Uliza choo kiko umbali gani. Mkoba mkubwa haupiti; viwanja vingi mpaka wao ni ukubwa wa karatasi ya A4. Kuna bendi ya kufungulia, kwa hiyo mkongwe mwenyewe hupanda saa moja au moja na nusu baada ya saa iliyoandikwa. Mwezi Juni sala ya Magharibi huko London inaingia saa 3 na dakika 20 hivi za usiku, yaani katikati ya onesho. Msafiri ana ruhusa zake, pangeni na mzee mapema asikae na wasiwasi.

Shangani_86:

Shukrani sana nyote, Mungu awazidishie. Nimeanza na kii jana usiku kwa kinanda cha mtoto, msanii tunayemfikiria ameshuka toni nzima na waitikiaji wanaonekana wazi wakimsaidia. Nimebaki na mawili: kiti na tarehe. FundiSauti, tukae mbele kabisa amwone vizuri?

FundiSauti_Mkwerekwe:

Hapana, mbele kabisa usimpeleke. Spika kubwa zinaning'inia juu na zinapiga mbali. Aliye safu ya kwanza zinampita kichwani. Anachosikia ni ngoma na magitaa moja kwa moja kutoka jukwaani, na sauti ya mwimbaji inamfikia kwa vispika vidogo vya ukingoni. Kwa mwimbaji kijana mwenye sauti ya radi utavumilia. Kwa mwimbaji wa miaka 80 utasikia bendi tu, kisha useme mzee kaisha.

Kaeni karibu na meza ya mikisa, anapokaa fundi wa sauti, mbele yake kidogo au ubavuni. Fundi anachanganya kwa masikio yake, kinachosikika vizuri pale alipo ndicho alichokikusudia. Msikae chini ya roshani wala mgongo wa ukuta wa nyuma: besi inajikusanya huko na herufi zinapotea. Umbali wa kuona utasaidiwa na skrini.

Tarehe: fungua ratiba yote ya ziara. Tafuta onesho linalotanguliwa na siku mbili za mapumziko au zaidi. Epuka la pili kati ya mawili yanayofuatana usiku kwa usiku. Maonesho mawili matatu ya mwanzo wa ziara bado yana kutu, ya mwisho yana uchovu; baina ya wiki ya pili na ya tano ndipo penye kiini. Ukumbi uliofungwa na kiyoyozi unakausha koo, uwanja wa wazi una upepo na baridi. Kama koo ndilo wasiwasi wako, mie ningechagua ukumbi, kwa sababu upepo unaipeperusha sauti nyembamba kabla haijawafikia.

Masikio msiyasahau. Desibeli 85 sikio linastahamili saa 8 kwa siku. Kila zikipanda 3, muda unapungua nusu. Ukifika 100 zimebaki dakika 15. Nunua vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa. Vile vya sponji vinakata noti za juu zaidi kuliko za chini, mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya pazia, na lawama itamwangukia yeye.

Na mkiwa pale, mtazame anavyoshika sikio. Waimbaji wengi sasa wanavaa monita za masikioni ili wajisikie bila kupiga kelele. Akitoa ya upande mmoja na kuanza kuimba kwa nguvu, hajisikii, na noti zitapanda au kushuka mpaka fundi arekebishe. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kusimama 2016 kwa sababu ya masikio, siyo koo, akarudi baada ya kutengenezewa vifaa maalumu. Mzee asiyejisikia hudhaniwa amepoteza sauti.

MtuWaWete:

Nimewasoma, na kwa taarab nimeshindwa hoja. Basi nauliza la kwetu: tukitaka kumpandisha mwimbaji mkongwe huku Pemba, uwanja wa wazi, vifaa vya kukodi, tufanye nini ili sauti yake isidhulumiwe?

Kanuni26:

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote yaliyotangulia, yakhe. Anza mchana. Nenda alipo mwimbaji na udi au kinanda kidogo, usimwambie aimbe, zungumza naye tu na usikie sauti yake inakaa kwenye noti gani. Kisha mwombe mstari mmoja wa wimbo atakaouanza. Andika kii ya kila wimbo kwenye karatasi na uwape wapigaji wote kabla ya Alasiri. Gitaa na kinanda zinahama kwa dakika moja, kanuni haihami. Ina nyuzi kama 78, tatu tatu kwa noti, makundi 26. Vile vijiti vya pembeni vinakubadilishia robo na nusu toni wimbo kwa wimbo, lakini mwimbaji akikunong'oneza jukwaani "nishushie", huna la kumfanyia. Na usityuni ndani kisha ukaipeleka nje. Ngozi iliyo chini ya daraja la kanuni inavuta unyevu wa usiku na sauti yote inashuka. Iweke uwanjani saa moja kabla, kisha tyuni palepale.

Maiki ivalishwe sponji nene, kwa ajili ya upepo wa bahari. Iwe shubiri moja kutoka mdomoni na ishikiliwe na stendi, usimshikishe. Monita iwekwe mbele yake chini, ndani yake iwe sauti yake na kanuni tu. Ngoma usiiweke humo, la sivyo atapiga kelele kushindana nayo. Mwangwi kidogo sana, wazee wa taarab wanatamka, na mwangwi unazila herufi. Moshi wa jukwaani usiwepo kabisa.

Aanze saa 2 na nusu usiku, sio saa 5 baada ya vijana wote. Nyimbo tatu, bashraf, nyimbo mbili, basi. Watu wanaotunza wapite upande mmoja na wasimkumbatie katikati ya ubeti, pumzi inakatika. Waitikiaji wawili wakae karibu kiasi cha kumsikia anapopungukiwa ili wapokee neno, na wapange naye wapi watapokea. Jenereta lijaribiwe mapema na liwe mbali, nyuma ya ukuta. Maji yawe ya kawaida, hayajatiwa barafu. Kiti kiwe na mgongo wa kunyooka, kisichozama, kwa sababu akizama tumbo linajikunja na pumzi haishuki.